Kuku Hawangoji Muhula Ufunguliwe

Chanjo ya kideri, ugonjwa ambao wengi wetu Nairobi tunauita Newcastle, huuzwa ikiwa kavu ndani ya chupa ndogo, na chupa tunayoipata katika maduka ya mtaani kwetu hutosha kuku mia moja. Inapaswa kuhifadhiwa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8 tangu itoke kiwandani, na ikishachanganywa na maji yake hufaa kwa saa chache tu, kwa sababu virusi dhaifu vilivyomo ni viumbe hai na hufa upesi. Kinga inayoleta kwa kuku wa nyumbani haidumu mwaka mzima, hivyo hurudiwa takribani kila baada ya miezi mitatu. Ninaanza na habari hizi za chupa na miezi kwa kuwa ndizo zilizonielewesha, kuliko hotuba zote nilizowahi kuzisikia, namna chuo kikuu kinavyoweza kuifaa jamii na mahali ambapo juhudi hizo hukwama.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na makazi yangu ni Waithaka, upande wa Dagoretti ambako mashamba ya wazee wetu yamegawanywa mara nyingi hata aliyebahatika amebaki na nafasi ya nyumba, vyumba kadhaa vya kupangisha, banda la kuku na pengine ng'ombe mmoja. Kikundi chetu cha kujisaidia kina wafugaji wadogo, akina mama wauza mboga na vijana wachache, nami ndiye katibu. Zamani ufugaji wa mjini ulikuwa jambo la kufichaficha, kwa kuwa askari wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, wangeweza kukuandama wakati wowote, lakini tangu Kaunti ya Nairobi ipitishe sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini mwaka 2015, watu walianza kujenga mabanda bila hofu. Nadhani ndiyo sababu mhadhiri wa tiba ya mifugo kutoka chuo kikuu kimoja cha umma alitukuta tukiwa tayari kusikiliza alipofika kwa chifu na kundi la wanafunzi waliokuwa kwenye atachimenti, yaani mafunzo ya kazi nje ya chuo, akiomba nafasi ya kuzungumza na wafugaji.

Mikutano ya mwanzo ilifanyika katika ukumbi wa kanisa, na ilikuwa kama semina nyingine yoyote. Wanafunzi walibandika michoro ukutani, wakaeleza lishe, viota, usafi wa banda na magonjwa, kisha wakagawa karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wa waliokuwa ukumbini huisoma kwa shida. Watu walihudhuria kwa heshima, wakanywa soda, wakapiga makofi. Sisi watu wa mitaa ya Nairobi tumezoea semina na tunajua kuzikalia, na mgeni asiyetufahamu anaweza kuondoka akidhani kwamba makofi hayo ni dalili ya kuelewa.

Mambo yaligeuka siku ambayo mama mmoja mzee, ambaye hakuwa amewahi kusema neno katika mikutano hiyo, alisimama na kuuliza: "Daktari, mwanangu, mimi nina kuku tisa. Umesema chupa ni ya kuku mia moja na ikifunguliwa haiwekwi. Hao tisini na mmoja nitawatoa wapi?" Ukumbi ulicheka, lakini mhadhiri hakucheka. Alikiri mbele ya watu wote kwamba hana jibu, akasema atalitafuta, na wiki iliyofuata alirudi bila michoro wala karatasi. Alitaka tu tumtembeze kwenye vijia vya mtaa ahesabu pamoja nasi ni nyumba gani zina kuku na ni wangapi. Kutokana na matembezi yale ulizaliwa utaratibu ambao hadi leo ndio uti wa mgongo wa kazi yetu: kuku wa kijia kimoja huhesabiwa kama kundi la mfugaji mmoja, chupa moja hununuliwa kwa kuchangiana kulingana na idadi ya kuku wa kila nyumba, na chanjo hutolewa alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa, kwa kuwa kumkamata kuku aliyekwisha kutoka nje kunaweza kukupotezea asubuhi nzima. Chanjo huletwa kutoka dukani ndani ya chupa ya chai iliyotiwa barafu. Tone moja katika jicho moja, kuku akiisha kupepesa anaachiliwa.

Elimu yenyewe, ile ambayo ilikuwa imepita juu ya vichwa vyetu ukumbini, iliingia wakati huo, kila mtu akiwa ameshika kuku wake. Wengi wetu tulikuwa tunanunua unga wa antibaiotiki katika maduka ya dawa za mifugo kila kuku walipoanza kuhara kinyesi cha kijani na kupinda shingo, na wauzaji walikuwa wakituuzia bila maelezo. Mwanafunzi mmoja alitufafanulia akiwa amechuchumaa mlangoni mwa banda kwamba kideri husababishwa na virusi, kwamba hakuna dawa ya kukiponya, kwamba antibaiotiki huua bakteria wala haigusi virusi, na kwamba mabaki ya dawa hizo huweza kuingia katika mayai tunayowalisha watoto. Alifafanua pia kwa nini jirani yetu mmoja aliapa kwamba chanjo ndiyo iliyomuulia kuku: kuku ambaye tayari amebeba ugonjwa bila kuonyesha dalili hatasalimika kwa kuchanjwa, hivyo hufa siku chache baadaye na lawama huangukia chupa. Wenye kuku wengi wa mayai, ambao huwapa chanjo kupitia maji ya kunywa, walijifunza kwamba maji ya mfereji wa Nairobi, ambayo sehemu yake kubwa hutoka bwawa la Ndakaini na kutiwa klorini huko Ng'ethu kabla ya kuletwa mjini, yanaweza kuiua chanjo yenyewe. Dawa yake ni kutumia maji safi ya mvua, au kutia kiasi kidogo cha maziwa ya unga yasiyo na mafuta ili klorini iishe nguvu. Jambo hili halikuwa katika karatasi walizotugawia, wala nisingelitarajia liwemo, kwa sababu lilitokana na swali la mtu aliyeona kuku wake waliochanjwa wakifa.

Hapo ningeweza kusema kwamba mpango ulifaulu. Lakini kuku wana kalenda yao na chuo kikuu kina yake. Muhula huchukua miezi mitatu na ushei, kisha huja mitihani, halafu likizo, na wanafunzi wa atachimenti wakirudi huwa ni wengine kabisa, wenye nia njema ile ile na maswali yale yale ya mwanzo: una kuku wangapi, unawalisha nini, umewahi kuona ugonjwa gani? Ongeza hapo migomo ya wahadhiri wa vyuo vya umma, kama ile ya 2017 na 2018, na utaona kwamba mpango unaotegemea muhula hauwezi kuutimiza mzunguko wa miezi mitatu hata kwa mwaka mmoja. Tulilijadili jambo hili na mhadhiri kwa uwazi, na ninamheshimu kwa kutolijibu kwa ahadi. Alipendekeza kwamba kikundi kiteue vijana wa hapa hapa ambao wanafunzi wangewafunza kuchanja na kuweka rekodi, ili chuo kikifungwa kazi isifungwe.

Pendekezo hilo lilikuwa na utata wake wa kisheria. Kazi za matibabu ya mifugo nchini zinasimamiwa na sheria ya 2011 inayohusu madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya haichukulii kwa wepesi mtu asiyesajiliwa anayejiita daktari. Mhadhiri alisisitiza kwamba vijana wetu wasidunge sindano, wasiuze dawa, wasitoe uamuzi kuhusu ugonjwa, na kwamba wafanye kazi chini ya afisa wa mifugo aliyesajiliwa anayehudumu katika wadi yetu. Mwanzoni baadhi yetu tuliona masharti hayo kuwa urasimu. Nimekuja kuyathamini, kwa sababu ndiyo yaliyomwingiza afisa wa kaunti katika mpango ambao awali ulikuwa wa chuo na sisi tu, na afisa huyo hana muhula.

Kisha ukaja mwezi wa Machi 2020. Vyuo vikuu vilifungwa kwa sababu ya korona, wanafunzi wakarudishwa makwao, kafyu ikaanza mwishoni mwa mwezi huo, na mwezi wa Aprili hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka katika eneo la jiji la Nairobi na viunga vyake hadi Julai. Miradi mingi niliyoifahamu mitaani ilisimama siku ile ile ambayo magari ya wageni yaliacha kuja. Yetu haikusimama. Chanjo ilipatikana katika duka la mtaani, wachanjaji walikuwa majirani, kazi ilifanyika baada ya saa za kafyu kwisha asubuhi, na mhadhiri alijibu maswali kwa simu kutoka nyumbani kwake. Kwa familia ambazo mapato yalikuwa yamekatika ghafula, mayai yalikuwa chakula na pia nauli na tokeni ya umeme. Sitadai kwamba hatukupoteza kuku, kwa kuwa wapo waliokufa, hasa kwa jirani aliyenunua jogoo sokoni na kumchanganya na wengine siku hiyo hiyo. Lakini hakuna duru ya chanjo iliyorukwa.

Kilichotusaidia zaidi, kwa maoni yangu, ni daftari. Kwa kuwa nilikuwa mwalimu, nilishindwa kuvumilia kuona kila kundi jipya la wanafunzi likianza upya, nikafungua daftari la kurasa nyingi lenye tarehe, kijia, idadi ya kuku waliochanjwa, waliokufa kati ya duru moja na nyingine, na ushauri tuliopewa pamoja na aliyetupa. Wanafunzi wapya wakifika sasa, kabla ya kuuliza lolote huketi nyumbani kwangu na kulisoma. Wengine hushangaa kukuta humo ushauri wa watangulizi wao uliopingana, na mara moja au mbili wamelazimika kumpigia mhadhiri simu ili kujua nani alikuwa sahihi. Nimegundua kwamba chuo, pamoja na maktaba na kompyuta zake zote, hakikuwa na mahali pamoja palipoandikwa kilichofanyika Waithaka. Ripoti za atachimenti husahihishwa, hupewa alama, kisha zikahifadhiwa mahali ambapo hakuna anayezitazama. Kumbukumbu ya mpango ilikuwa kwetu.

Nina sababu ya kushikilia jambo hili la kumbukumbu. Miaka kadhaa kabla ya habari hizi, watafiti wa chuo kingine walikuja kuchukua sampuli za maji ya mto na za sukuma wiki inayomwagiliwa kwa maji hayo. Walivaa glavu, wakajaza chupa, wakawahoji akina mama, wakawatilisha saini fomu za ridhaa, wakaondoka. Ni jambo linalojulikana kwamba mboga zinazokuzwa kwa maji machafu ya mito ya Nairobi zinaweza kubeba metali nzito kama risasi na kadimiamu pamoja na vijidudu vya kinyesi, kwa hiyo utafiti wenyewe ulikuwa na maana. Lakini hawakurudi. Waliokuwa wakipita njiani waliona glavu na chupa, uvumi ukaenea kwamba mboga za akina mama wale zina sumu, na wateja wakakimbia, pamoja na wale wa mama ambaye sukuma yake ilimwagiliwa kwa maji ya mfereji. Hapakuwa na mtu wa kuuliza ni sampuli zipi zilikuwa mbaya na zipi zilikuwa safi. Pengine matokeo yalichapishwa katika jarida fulani na kumpandisha mtu cheo. Sisi yalitufikia kwa sura ya vikapu vilivyorudi nyumbani vikiwa vimejaa.

Kwa sababu hiyo kikundi chetu kimejiwekea utaratibu. Mtafiti akija tunataka kuona kibali chake cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, kisha tunamwomba aandike katika daftari ni lini atarudi na matokeo na atayaeleza kwa lugha gani. Wapo waliokasirika. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, hii si kazi ya kikundi cha kuku." Huenda ni kweli, lakini hatujapata ofisi nyingine inayoifanya.

Nikiwa mwalimu kijana nilikuwa mlezi wa klabu ya 4K shuleni, tukilima vitalu vya mboga na kukariri maana ya jina hilo, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, bila kujua kwamba klabu hizo, zilizoanza nchini mwaka 1962 na kufufuliwa rasmi 2021, ziliigwa kutoka klabu za 4-H za Marekani, ambazo nazo ni tawi la huduma ya ugani ya vyuo vikuu vya huko. Nilipolifahamu hilo uzeeni nilitaka kujua huduma yenyewe ilijengwaje. Wazo la chuo kikuu kutoka nje ya kuta zake lilikuwa tayari na umri. Cambridge ilianza kupeleka mihadhara katika miji ya Uingereza mwaka 1873. Wamarekani walifanya jambo tofauti. Sheria ya Smith-Lever ya Mei 1914 iliunganisha fedha za serikali kuu na za majimbo na kuzikabidhi vyuo vilivyoanzishwa kwa ruzuku ya ardhi kufuatia sheria ya 1862, ili viwe na maafisa wa kudumu wanaoishi katika kaunti. Mkulima wa huko akiwa na swali kuhusu kuku humwendea mtu mwenye ofisi, ambaye mwajiri wake ni chuo kikuu na ambaye atakuwapo mwezi ujao.

Kenya haikujengwa hivyo. Ugani wetu uliwekwa wizarani, na baada ya Katiba ya 2010 kazi hiyo ikashuka kwa kaunti kuanzia 2013, ilhali vyuo vikuu vilibaki na ufundishaji na utafiti. Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 inataja kukuza elimu miongoni mwa wanafunzi na katika jamii kwa jumla kuwa mojawapo ya malengo, lakini lengo lisilo na mtu wa kudumu mtaani wala bajeti yake huishia mikononi mwa mhadhiri mmoja mwenye moyo, ruzuku ya mfadhili na basi la wanafunzi. Ruzuku ikiisha, basi haliji. Naye mhadhiri hupimwa zaidi kwa makala alizochapisha kuliko kwa idadi ya vijia alivyovitembea. Nimewasikia watu wakisema kwamba dawa ni kuongeza semina na vyeti. Mimi ninavyo vyeti vya kutosha kupamba sebule, na sijaona kuku aliyekingwa navyo.

Nairobi ina mfano mkubwa kuliko wetu. Kaunti ilipoitangaza Mukuru, mitaa ya mabanda ya hapa jijini, kuwa eneo maalumu la mipango mwaka 2017, Chuo Kikuu cha Nairobi na Strathmore vilikuwa miongoni mwa washirika wa kazi hiyo, lakini waliokuwa na uzoefu wa kuhesabu nyumba, kuchora vijia na kuwakusanya wakazi walikuwa Muungano wa Wanavijiji, watu wa mitaa yenyewe walioifanya kazi ya aina hiyo kwa miaka mingi kabla ya wahadhiri kuketi nao mezani. Nikilinganisha na kuku wetu naona jambo lile lile kwa kiwango kikubwa: chuo kilileta utaalamu, na wakazi walikuwa na kitu cha kuupokelea.

Elimu nayo haisafiri upande mmoja tu. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kule Juja kimejulikana sana kwa utafiti wa Profesa Mary Abukutsa-Onyango kuhusu mboga za kienyeji kama managu, saga, mrenda na kunde, mboga ambazo vijana wetu walikuwa wamezidharau na ambazo leo zinauzwa katika maduka makubwa. Wanafunzi wetu wa atachimenti walipouliza kwa nini kuku wa mama yule mwenye kuku tisa walikuwa na viini vya mayai vya rangi nzito, aliwaonyesha rundo la majani ya managu na terere aliyowatupia kila jioni. Waliandika. Kisha wakabaki kula chakula cha mchana, na kwa wale waliolelewa kwa chipsi ilikuwa mara ya kwanza kuonja managu iliyolazwa kwa maziwa. Hilo halikuingia katika ripoti, ingawa ninashuku ndilo watakalolikumbuka.

Kundi la wanafunzi tulilo nalo sasa linataka kuhamisha daftari liwe programu ya simu. Kikundi kimekubali, kwa sharti kwamba daftari liendelee kuandikwa kwa mkono na nakala ya takwimu ibaki kwa katibu, hata kama programu hiyo itasifiwa katika mikutano ya chuo. Duru ijayo ya chanjo inaangukia wiki ya mitihani yao, kwa hiyo hawatakuwapo. Wachanjaji wetu wamekwisha kukusanya michango ya vijia vyote isipokuwa kimoja, na afisa wa wadi ameahidi kuja alfajiri. Mhadhiri ameomba apelekewe picha za kurasa za siku hiyo ili awaonyeshe wanafunzi watakaokuja muhula ukifunguliwa.